Nina bodi ya Hilux LN106 haina injini, na milioni 14 mfukoni: naweza kujenga pikapu ya kuingia Malinyi masika?

#1 Mvuna Mpunga
Wakuu salaam. Nalima mpunga upande wa Malinyi. Ukishavuka Kilombero unapita Lupiro, unaenda mpaka Mtimbira, halafu unaiacha barabara na kuingia mashambani kilomita 23. Hizo 23 ndizo zinazonitoa roho. Kiangazi hata IST inafika. Kuanzia Machi mpaka Mei ni pikipiki tu, na yenyewe kuna siku inakubeba, kuna siku unaibeba.

Mwaka jana nilinunua bodi ya Hilux LN106, kebini moja, kwa mtu aliyekuwa anahama. Milioni 4 na nusu. Kadi ninayo, chasisi imenyooka, ekseli zote mbili zipo, giaboksi na transfa zipo. Injini iliuzwa kabla yangu. Nimebakiwa na milioni 14 za kuijenga na hapo ndipo mwisho, sikopi.

Naomba mnisaidie: niweke injini gani, niiinue kiasi gani, na tairi zipi. Tafadhali, asije mtu kuniambia niongeze hela ninunue Land Cruiser.

#2 Kobe Mwendo
Ongeza hela ununue Land Cruiser.

#3 Chura wa Ifakara
Nimetandika mkeka hapa. Hizo kilomita 23 nazijua. Masika iliyopita nililala mle siku mbili na Canter ya watu.

#4 Spana Kumi na Nne
Mkuu Mvuna, umepata chuma kizuri. LN106 ina ekseli ngumu mbele na springi za majani pande zote nne. Hakuna mikono, hakuna boli jointi za kufa kila mwezi. Ikipinda unainyoosha, ikikatika unaichomelea hata Mtimbira.

Injini: weka ya dizeli inayoitwa 3L, yaani ya lita 2.8, au ukipata 5L weka hiyo, lita 3.0. Zote ni ukoo mmoja na 2L, zinakaa kwenye mauntini zilezile, zinashika giaboksi hiyohiyo. Hakuna tabo, hakuna kompyuta. Pampu ya kawaida na waya mmoja wa kuzima. Maji yakikuingilia mpaka kwenye viti, injini bado inanguruma kama haijui kinachoendelea.

Usiinue. Narudia, usiinue. Weka tairi nzuri kwanza, ukwame, ndipo ujue kilichokukwamisha ni nini. Watu wanainua gari kabla hata haijakwama.

#5 KijanaWaGerezani
3L ni kobe. Fundi, tuko mwaka gani? Weka 1KZ yenye tabo, 3.0, gari inapanda mlima Nyang'oro huku unakunywa soda. Huku Gerezani, Dar, zipo za kumwaga.

#6 Spana Kumi na Nne
Kijana, kwake Malinyi mlima uko wapi? Kule ni tambarare kama meza. Anachohitaji ni nguvu ya chini kwenye lo, yaani gia nzito za transfa, si mbio. Na 1KZ haishiki giaboksi aliyonayo mpaka abadili kengele inayoiunga na injini au giaboksi nzima. Hiyo hela ya ziada nani analipa? Halafu 1KZ ikichemka mara moja, hedi inapasuka. Kwenye tope gari inatembea gia ya pili saa nzima bila upepo wa kupoza rejeta. Fanya hesabu mwenyewe.

#7 KijanaWaGerezani
Hedi inapasuka kwa wasiojali rejeta. Baba yangu mdogo ana Prado ya 1KZ tangu nikiwa shule ya msingi, haijafunguliwa.

#8 Bibi Dizeli
Nimeuza spea miaka 19, mniruhusu kidogo. Wote mko sawa na wote mmeacha jambo moja. Ukoo wa L wote unatumia mkanda wa taimingi. Ukinunua injini ya mtumba usiulize imetembea ngapi, utadanganywa. Fungua kava, badilisha mkanda na beringi yake hapohapo kabla hujaifunga kwenye gari. Ukikatika njiani valvu zinakutana na pistoni na hiyo milioni 3 umeitupa mtoni. Kile kitaa cha T-BELT kwenye dashibodi hakijui kwamba injini imebadilishwa. Kinahesabu kilomita za gari tu.

#9 Mvuna Mpunga
Asante dada Bibi Dizeli, hilo la kitaa sikulijua kabisa. Kwangu kimewaka tangu siku niliyoinunua, na injini yenyewe haipo.

#10 Kobe Mwendo
Gari haina injini na inadai mkanda. Hiyo ndiyo Toyota.

#11 Shamba Darasa
Samahani, mimi nawaza tofauti. Milioni 14 unapata pawatila nzuri na tela lake, na chenji inabaki. Inalima, inavuta gunia, haikwami. Pikapu ni ya nini?

#12 Mvuna Mpunga
Pawatila ninayo mkuu. Kwenda na kurudi kilomita 46 juu ya pawatila, ukishuka mgongo umeuacha njiani. Na mke wangu akiugua usiku siwezi kumpakia kwenye tela mpaka Lupiro.

#13 Dereva Mstaafu
Wanangu, hamjambo. Nimeendesha Land Rover 109 na baadaye 110 za mradi bonde hilohilo tangu enzi za pantoni. Nawaona mnagombania injini. Injini haikutoi kwenye tope, inakuzamisha zaidi. Linalokutoa ni tairi, na akili ya kujua lini uache kukanyaga mafuta.

Tope liko la aina mbili. Lipo la juujuu, chini yake kuna ardhi ngumu. Hilo linataka tairi nyembamba ndefu, ikate iende ikashike chini. Lipo lisilo na chini, kama kwenye majaruba yenyewe. Hilo hata uweke tairi gani, usiingie. Zunguka. Sisi tulitumia 7.50-16 na cheni. Cheni hazina sifa kwenye picha, ila zilitufikisha.

#14 Chura wa Ifakara
Shikamoo mzee. Hapo kwenye "usiingie, zunguka" umenigusa. Mimi sikuzunguka.

#15 MtuWaMuscat
Salaam kutoka Oman. Huku watu wanapenda pikapu za Land Cruiser, wenyewe wanaziita Shaas, na kwenye mchanga wa Sharqiya siri ni tairi pana na kushusha upepo. Tunatoka 35 tunashuka 15, wakati mwingine 12. Tairi inatandama kama mguu wa ngamia. Mvuna, weka tairi pana, upepo chini, utaelea.

#16 Dereva Mstaafu
Mwanangu wa Muscat, marahaba japo hujaniamkia. Mchanga unabebeka, tope linanata. Ngamia mlete Malinyi mwezi wa nne tumwone.

#17 MtuWaMuscat
Hahaha shikamoo mzee. Nimekubali ngamia hafai. Ila kushusha upepo kunasaidia hata kwenye tope, hilo silirudishi.

#18 Spana Kumi na Nne
Kunasaidia, lakini tahadhari. 7.50-16 nyingi zina tyubu. Ukishusha upepo sana, tairi inateleza kwenye ringi, inaivuta tyubu, valvu inang'oka. Kwa tairi ya tyubu mimi sishuki chini ya 20. Hizo 12 ni za watu wasio na tyubu na wenye kompresa ya kujaza wakirudi lami.

Mvuna, nakubaliana na mzee kuhusu 7.50. Ni saizi ya Canter, inapatikana kila mji mdogo, na kila kijana wa kuziba pancha anaijua. Zile pana nzuri ukipasua moja Mtimbira unaagiza Dar.

#19 Mtaa wa Pili Nairobi
Mko poa wadau. Mimi niko Kenya. Huku mkitaka kuona gari zilizojengwa kwa bajeti ya kushangaza, angalieni mashindano ya Rhino Charge. Yanafanyika tangu 1989, yalianza kwa ajili ya kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Utaona Land Cruiser ya milioni kadhaa imelala ubavu, na kando yake Suzuki imechomelewa jua kali inapita ikipiga honi. LN106 huku ni dhahabu. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo zilizoko ni hizohizo na wenyewe hawaachii.

#20 KijanaWaGerezani
Si ndiyo yale mashindano ya mbio? Basi 1KZ inashinda.

#21 Mtaa wa Pili Nairobi
Hapana bro, si mbio. Kuna vituo 13 porini, na una saa 10. Anayeshinda ni aliyepita vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kwa hivyo watu wanakata moja kwa moja, mto, jiwe, korongo, twende. Mwenye haraka ndiye anayevunja ekseli asubuhi.

#22 Msafiri wa Bara
Nauliza kijinga. Nimeona fundi Arusha, kule wanakorefusha gari za watalii, akichomelea difu ya nyuma ili tairi zote mbili zizunguke pamoja. Laki moja tu. Si hiyo ndiyo difu loku ya maskini?

#23 Spana Kumi na Nne
Ni ya maskini kweli, na itakuacha maskini zaidi. Difu iliyochomelewa kwenye tope inakwenda vizuri. Tatizo ni barabara kuu. Kwenye kona tairi ya ndani na ya nje haziendi umbali sawa, kwa hiyo moja lazima iburuze. Inakula tairi, siku moja inakata hafu shafti, na mvua ikinyesha kwenye lami mkia unakwenda unakotaka. Gari ya shamba tu, sawa. Ya kumkimbiza mgonjwa usiku, hapana.

#24 Msafiri wa Bara
Nimekuelewa fundi. Ila yule wa Arusha alinihakikishia.

#25 Bibi Dizeli
Fundi yeyote aliyeshika mashine ya kuchomelea atakuhakikishia.

Mvuna, kabla ya bampa na taa, fungua nako za mbele, pale gurudumu linapokatia kona. Kwenye ekseli hizi kuna sili ya ndani, ikichoka oili ya difu inahamia kwenye nako, inachanganyika na grisi, inakuwa supu nyeusi inavuja kwenye ringi. Ukiona ringi ya mbele imechafuka kwa ndani, ndiyo hiyo. Na zile pumuo za difu zipandishe kwa mpira mpaka juu, karibu na bodi. Difu ikiwa moto ukaingia kwenye maji ya baridi inavuta pumzi, na pumuo ikiwa chini inavuta maji. Ukifungua unakuta chai ya maziwa. Mpira wa mita 4 hauzidi elfu 20.

#26 Kobe Mwendo
Na snorkeli je, lile bomba la injini kuvutia hewa juu? Kuna jamaa mtaani kwetu kaweka bomba la maji taka la inchi 4 mpaka juu ya paa. Kapaka rangi nyeusi. Mvua ikinyesha linakusanya maji na kuyapeleka kwenye injini vizuri kabisa.

#27 Chura wa Ifakara
Nimecheka mpaka mgonjwa wa jirani ameamka.

#28 Karani wa Magari
Naomba niingilie upande wa makaratasi kwa sababu hakuna aliyegusa. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, nenda TRA ukabadilishe kumbukumbu, na uwe na risiti ya injini uliyonunua. Injini isiyo na risiti usiiguse hata wakupe bure. Siku ya kusimamishwa na trafiki akafungua boneti akasoma namba tofauti na kadi, habari ya mpunga utaisahau.

#29 KijanaWaGerezani
Hilo kweli. Hata wauzaji wa duka langu wanatoa risiti. Na ukija Mvuna, sikiliza injini ikiwa baridi, usikubali wakuonyeshe iliyokwisha kupashwa moto. Fungua kifuniko cha oili inapounguruma, ukiona moshi unapumua kama birika, iache.

#30 Spana Kumi na Nne
Leo kijana umesema neno. Nimeandika tarehe.

*(wiki saba baadaye)*

#31 Mvuna Mpunga
Wakuu, narudi na mrejesho. Nilikwenda Dar mwenyewe, nimepata 3L yenye staata, olteneta na pampu yake. 5L nilizokuta bei ilinishinda. Matumizi mpaka leo:

Injini 3,400,000. Kuifunga pamoja na rejeta iliyoshonwa upya 700,000. Klachi seti 280,000. Tairi tano za 7.50-16 za nailoni 1,300,000. Sili na beringi za magurudumu ya mbele 220,000. Majani ya springi ya mtumba 350,000. Breki zote 450,000. Umeme 300,000. Bampa, keria na ndoano za kuvutia 900,000. Cheni 180,000. Rangi 600,000. Kusafirisha mpaka Ifakara 400,000. Jumla 8,900,000.

Mzee Dereva, cheni nimenunua kwa sababu yako. Dada Bibi, mkanda mpya umo, na pumuo zimepanda.

#32 Karani wa Magari
Hongera. Ila jumla yako ni 9,080,000. Nimejumlisha mara mbili.

#33 Kobe Mwendo
Hiyo 180,000 iliyopotea ni cheni. Hakutaka mama watoto ajue.

#34 Spana Kumi na Nne
Kazi nzuri. Rangi laki 6 ya nini kwenye gari ya tope? Haya, na hayo majani ya springi ya mtumba uliongeza au ulibadilisha?

#35 Mvuna Mpunga
Nyuma niliongeza jani moja, maana nabeba gunia. Mbele... fundi alinishauri tuweke sheko ndefu, vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi, inyanyuke inchi mbili hivi, ili 7.50 zisiguse fenda. Najua ulisema nisiinue. Sasa ndiyo nimekuja na tatizo. Nikifika 60 stelingi inaanza kucheza. Nikipita shimo dogo inakuwa mtetemeko wa kutisha, gari nzima inatikisika, mpaka nishike breki nishuke 30 ndipo inatulia. Shambani haina tatizo, 4 inashika, tope inapita. Ni barabarani tu.

#36 Spana Kumi na Nne
Nilisema usiinue.

#37 KijanaWaGerezani
Balansi ya tairi. Nailoni mpya zikikaa stoo zinapata bapa upande mmoja. Tembea kilomita 200 itaisha yenyewe.

#38 Msafiri wa Bara
Ni propela. Ukiinua gari propela inapata kona kali, krosi zinatetema. Imenitokea.

#39 Spana Kumi na Nne
Propela ya nyuma inatetemesha sakafu na kiti, haichezeshi stelingi. Na ya mbele kwenye LN106 yenye habu za kufunga kwa mkono, ukifungua habu na kuwa kwenye 2, haizunguki kabisa. Mvuna, fungua habu zote mbili, nenda lami. Ikitetema bado, propela ya mbele haina kesi.

#40 Mvuna Mpunga
Nimejaribu leo asubuhi. Habu wazi. Inatetema vilevile.

#41 Dereva Mstaafu
Land Rover zetu zilifanya hivyo. Beringi za kingipini, ile pini ambayo nako inazungukia, zikilegea, gurudumu linapata uhuru wa kucheza kushoto na kulia. Piga jeki, mtu ashike tairi juu na chini aitikise, wewe uangalie nako. Ikicheza hata kidogo, ndiyo hiyo. Unatoa shimu, unaibana mpaka iwe nzito kidogo kwa mkono.

#42 Mpima Magurudumu
Mimi naona ni sheko. Lile jicho la springi likishushwa au kupandishwa upande mmoja, ekseli inazunguka, na ule mlalo wa kingipini unabadilika. Mlalo huo ndio kasta. Ikipungua, gurudumu linakosa adabu ya kurudi katikati, linacheza. Toa sheko ndefu.

#43 Spana Kumi na Nne
Hapo inategemea sheko ziko wapi. Zikiwa mbele ya ekseli, sheko ndefu inapunguza kasta, nakubali. Zikiwa nyuma ya ekseli, inaongeza kasta, na kinachoharibika ni mdomo wa difu kuinamia chini. Mvuna, ziko wapi?

#44 Mvuna Mpunga
Ziko nyuma ya ekseli, upande wa kebini.

#45 Mpima Magurudumu
Basi kasta imeongezeka. Nayo ikizidi sana inaleta mtetemeko vilevile.

#46 Kobe Mwendo
Kwa hiyo ikipungua ni sheko, ikiongezeka ni sheko. Fundi huyu hashindwi kesi.

#47 Bibi Dizeli
Jamani, shokapu ya stelingi ameangalia nani? Ile ndogo iliyolala mbele. Ikifa, kila tatizo dogo linakuwa kubwa. Haianzishi ugonjwa ila ndiyo inayouficha. Wengi wanabadilisha hiyo, mtetemeko unanyamaza miezi mitatu, unarudi na hasira.

#48 Mtaa wa Pili Nairobi
Mimi yangu ilikuwa ufa kwenye chasisi, pale steering box inaposhikilia. Haukuonekana mpaka mtu azungushe stelingi gari ikiwa imesimama, mwingine alale chini atazame. Ulikuwa unafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki. Angalia hapo kabla ya kununua chochote.

#49 Mvuna Mpunga
Nimelala chini mimi mwenyewe, mtoto anazungusha. Ufa hakuna, nashukuru Mungu. Ila tai rodi mwisho mmoja una mchezo.

#50 KijanaWaGerezani
Tai rodi! Nilijua.

#51 Spana Kumi na Nne
Ulisema balansi.

#52 Karani wa Magari
Jambo moja dogo wakuu. Amesema inaanza kwenye 60. Tairi ya zamani ya LN106 ni 205R16, kipenyo karibu sentimita 74. 7.50-16 ni karibu 80. Kwa hiyo dashibodi ikisema 60, kweli ni kama 65. Trafiki wa tochi hatajali habari za tairi.

#53 Chura wa Ifakara
Karani wewe na hesabu zako utatufunga sote.

#54 MtuWaMuscat
Mvuna, na upepo umejaza ngapi? Baada ya yote haya hakuna aliyeuliza.

#55 Mvuna Mpunga
Kijana wa pancha aliniwekea 50 mbele, akasema ni tairi za Canter.

#56 Dereva Mstaafu
Hamsini! Kwenye pikapu tupu! Mwanangu, hizo si tairi tena, ni mawe. Shusha 30 uone.

#57 MtuWaMuscat
Mzee, leo ngamia amefaa?

#58 Dereva Mstaafu
Leo amefaa.

*(siku tisa baadaye)*

#59 Mvuna Mpunga
Wakuu, gari imepona. Juzi nimetoka Mtimbira mpaka Ifakara, dashibodi inasoma 80, stelingi imetulia, nashika kwa mkono mmoja. Jana mvua ilishuka, nikaingia shambani na gunia 6 za mbegu na mbolea, cheni nilizifunga kwenye kile kipande cha mwisho. Nimekwama mara moja tu, na ni pale nilipojifanya najua njia ya mkato. Ng'ombe wawili wa jirani yangu Msukuma wakanitoa kwa soda na elfu 10.

#60 Spana Kumi na Nne
Hongera sana. Sasa tuambie ilikuwa nini.

#61 Mvuna Mpunga
Hapo ndipo penyewe. Fundi alifanya yote siku moja. Amebadilisha tai rodi, amebana kingipini kwa kutoa shimu moja kila upande, amerudisha sheko fupi, amehamisha tairi za mbele nyuma, na upepo nimeweka 30. Kwa hiyo sijui.

#62 Dereva Mstaafu
Kingipini.

#63 Mpima Magurudumu
Sheko. Iko wazi.

#64 KijanaWaGerezani
Amehamisha tairi, maana yake ni balansi. Nilisema komenti namba 37, rudini mkasome.

#65 Mtaa wa Pili Nairobi
Ungerudisha kitu kimoja kimoja tujue. Weka sheko ndefu tena wikendi hii, kwa ajili ya sayansi.

#66 Mvuna Mpunga
Sayansi ifanyike kwenye gari yako mkuu.

#67 Bibi Dizeli
Umesahau shokapu ya stelingi. Hujaibadilisha?

#68 Mvuna Mpunga
Sijaibadilisha dada. Inavuja.

#69 Bibi Dizeli
Haya. Tutaonana baada ya miezi mitatu.

#70 Chura wa Ifakara
Mvuna, fenda zinaguswa na tairi sasa kwa kuwa umeirudisha chini?

#71 Mvuna Mpunga
Nikikata kona mpaka mwisho inagusa kidogo upande wa kushoto. Nimepinda ukingo wa fenda kwa nyundo. Rangi ya laki 6 imebanduka hapohapo.

#72 Spana Kumi na Nne
Sisemi kitu.

#73 Kobe Mwendo
Zile sheko ndefu unauza bei gani? Nina Hilux yangu hapa, nataka kuinyanyua kidogo.